Kuomba Ahadi za Mbio za Moyo

Likizo iliyopita klabu ya afya ya shule yetu ilikimbia mbio za hisani kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya moyo. Baadhi ya wazazi waliotuona tukipita Barabara ya Uhuru alfajiri ile ya Jumapili wameuliza maana yake, na Mhariri amenitaka nieleze, hasa ile kazi ya kuomba ahadi, ambayo kwa kweli ni ngumu kuliko kukimbia.

Jambo lenyewe ni hili. Mkimbiaji huchukua karatasi yenye mistari akawaendea rafiki na jamaa zake. Kila mmoja huandika jina lake na kiasi atakachotoa kwa kila kilomita. Tuseme mtu ameahidi shilingi 500 na mbio ni kilomita 5: ukizimaliza zote anadaiwa shilingi 2,500, ukishindwa baada ya kilomita ya pili, utapata 1,000 tu. Mbio zilizoanzishwa na Benki ya CRDB mwaka 2020, ambazo nazo zilichangia upasuaji wa moyo wa watoto, haziendi hivyo. Huko mkimbiaji hulipa ada yake mwenyewe ndipo akimbie. Sisi wa Kidato cha Nne ada hatuna, tuna miguu.

Nilidhani kuomba kutakuwa kazi nyepesi, maana Dar es Salaam ni mji wa michango. Haipiti wiki bila kadi ya harusi kuletwa nyumbani kwa shangazi yangu Kariakoo. Lakini katika harusi mtu humjua bwana arusi, na pilau ataila. Mimi nilikuwa nikimwombea mtoto asiyejulikana. Rafiki yangu wa kwanza alicheka akaniuliza kama nimeishiwa nauli ya kurudi shuleni. Wa pili aliandika shilingi 1,000 kwa kila kilomita, kwa mbwembwe, mbele ya wenzake, na mpaka leo simu yangu haipokei. Watakaofuata nawashauri wasimfurahie mno mwenye ahadi kubwa.

Aliyenifundisha kuomba ni mzee mmoja mchukuzi wa mizigo sokoni, ambaye jioni huja kunywa kahawa barazani kwa jirani yetu. Nilimwamkia, akaitikia, akasikiliza maneno yangu yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa, mwanangu, huo moyo wa mtoto huugua kwa nini? Mtoto hana deni wala mke." Watu wakaangua kicheko. Mimi nikababaika, maana sikujua. Niliona aibu kuomba fedha za watu kwa jambo nisilolijua, nikaikunja karatasi yangu, na usiku ule nikampigia simu mwalimu wetu wa Baiolojia.

Wako watoto wanaozaliwa na tundu katika ukuta unaogawanya vyumba vya moyo. Damu huvuja kwenda upande usio wake, na mtoto huchoka hata kwa kunyonya. Wako wengine waliozaliwa wazima kabisa. Hao huanza na maumivu ya koo yaletwayo na bakteria. Koo hilo lisipotibiwa kwa dawa kama penisilini, huenda baada ya wiki mbili au tatu mwili, katika kupigana na wale bakteria, ukajidhuru wenyewe. Homa hupanda, viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kifundo cha mguu, na valvu za moyo, yaani vile vilango vinavyozuia damu isirudi ilikotoka, hupata makovu. Kilango kilichoharibika sana hutengenezwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, palepale Upanga, mahali ambapo mtu wa Kariakoo aweza kufika kwa miguu.

Kesho yake nilirudi barazani nikaeleza hayo. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee aliweka kikombe chini. "Mjukuu wangu magoti yalimvimba mwezi wa Ramadhani," akasema. "Tukamkanda kwa mafuta." Aliahidi shilingi 200 kwa kila kilomita, akaondoka kahawa yake haijaisha. Wiki ile ile mtoto alipelekwa hospitali, na sasa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne ili ugonjwa usimrudie.

Siku ya mbio tulianzia Mnazi Mmoja, tukaenda mpaka Ilala Boma, tukarudi. Nusu kilomita ya mwisho nilitembea, mbavu zikiniuma. Nilipozunguka na karatasi kukusanya, nilimweleza kila mtu ukweli huo, maana fedha zilikuwa zihesabiwe na mwalimu wa Hisabati mbele yetu sote na hesabu kubandikwa ubaoni. Wengi walisema si kitu, wakalipa zote. Mzee yule alihesabu shilingi 900, akanitazama.

"Ile ya kutembea," akasema, "nitakupa mwakani."