Taa ya fowili inawaka, gari halitoki: tuanze kukagua wapi?

Mvua za Kigoma huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo gari la wagonjwa linaloitwa zahanati ya kijijini hupimwa kwa jambo moja: kama magurudumu ya mbele yatavuta pale ya nyuma yanapoteleza. Uvutaji huo wa magurudumu manne, ambao madereva wetu huuita fowili, ndio ulioifanya Land Cruiser Hardtop, maarufu kwa jina la mkonga, itumainiwe na serikali, mashirika na wafanyabiashara. Hata hivyo, gari laweza kuwa na fowili na bado likalala topeni.

Maelezo haya ni ya wananchi wote, si ya madereva pekee. Chini ya mfumo wa m-mama, mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura husafirishwa baada ya kupigwa simu ya bure namba 115. Pale gari la wagonjwa lisipopatikana kwa wakati, hutumika magari ya madereva jamii walioandikishwa. Kwa hiyo Hilux ya jirani iliyoshinda ikibeba dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi yaweza usiku huohuo kumbeba mgonjwa. Hali ya fowili yake inatuhusu sote.

Tuanze na mkonga, kwa kuwa ndilo gari linaloonekana zaidi katika vituo vyetu. Ili magurudumu ya mbele yavute, mambo mawili hayana budi kutimia. La kwanza ni habu. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kizungushio cha duara chenye maneno FREE na LOCK. Kikiwa kwenye FREE, gurudumu huzunguka lenyewe bila kushikana na ekseli. Kikiwa kwenye LOCK, viwili hivyo hushikana. La pili ni mkono mdogo ulio kando ya gia, wenye alama H2, H4 na L4. Huo huamuru transfa kupeleka nguvu mbele kupitia propela ya mbele.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Dereva huingiza H4, taa ya fowili ikawaka kwenye dashibodi, naye akaamini kazi imekwisha. Taa ile hueleza habari za transfa tu. Haijui kama habu zimefungwa. Tena haitoshi kufunga habu moja. Difu ya kawaida hugawa nguvu pande mbili, na nguvu hukimbilia upande ulio mwepesi. Habu ya kulia ikisahaulika kwenye FREE, ekseli ya kulia itazunguka bure na gurudumu la kushoto halitavuta, ijapokuwa limefungwa. Dereva aliyeshuka gizani akafunga upande mmoja, akaona uvivu kuukanyaga tope upande wa pili, hajafanya lolote.

Ikiwa habu zote mbili zimefungwa, mkono umeingia na bado gari halitoki, mtu mmoja asimame kando, mbali kidogo, wala si mbele au nyuma ya gari, atazame magurudumu ya mbele wakati dereva anaondoa gari taratibu. Yasipozunguka, swali linalofuata ni kuhusu propela ya mbele. Ikizunguka huku magurudumu yametulia, tatizo liko kwenye difu, ekseli au habu. Isipozunguka, tatizo liko kwenye transfa au fimbo zinazoiunganisha na ule mkono. Jibu hilo moja humwokolea fundi muda mwingi, na humwokolea mwenye gari fedha za kufunguliwa kisichoumwa. Kinyume chake pia hutokea: taa haiwaki, lakini magurudumu yanavuta. Hapo ni swichi au balbu, na safari yaweza kuendelea.

Hilux nyingi za miaka ya karibuni hazina habu za kuzungusha kwa mkono. Kuna mtambo mdogo kwenye difu unaounganisha ekseli, ukiendeshwa kwa mvuto wa hewa au kwa mota ya umeme. Taa ikipepesa bila kutulia, maana yake mtambo haujakamilisha kazi. Nyoosha usukani, sogea mbele polepole, kisha rudi nyuma mita chache. Ikiendelea kupepesa, kagua fyuzi, waya zilizoliwa na kutu na mipira ya hewa iliyopasuka.

Chanzo cha yote haya mara nyingi si kuvunjika kwa chuma, bali kutotumika. Lami imetufikisha Manyovu na Uvinza kwa raha, nasi tunaishukuru. Lakini gari linaloshinda kwenye lami hukaa miezi bila kuhitaji fowili, hata grisi ya habu ikakauka na vizungushio vikagoma. Siku linapoitwa kupanda udongo mwekundu unaoteleza, ndipo inagundulika kwamba habu haigeuki hata kwa koleo. Watengenezaji wa magari haya hushauri kuyaendesha kwa fowili angalau kilomita 16 kila mwezi, ili oili iyafikie meno ya mbele. Kilomita hizo zifanyike kwenye barabara ya udongo, kamwe si kwenye lami kavu.

Gari lililopita kwenye maji, iwe mtoni au ufukweni, likaguliwe oili ya difu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na lazima imwagwe. Matairi nayo yawe ya saizi moja mbele na nyuma. Tofauti ya saizi huubana mfumo mzima na kuchosha meno yake.

Kwa magari ya umma, yale yenye namba za SM, dereva aandike hitilafu kwenye kitabu cha gari na kutoa taarifa, ili likaguliwe na TEMESA kabla ya matengenezo. Kumwita fundi wa kando ya barabara afungue transfa ya gari la wagonjwa si kulisaidia, hata kama nia ni njema. Mjumbe wa kamati ya zahanati anayo haki ya kuuliza habu ziligeuzwa lini mara ya mwisho.

Mkiisha kutoka topeni na kuifikia lami, rudisheni mkono kwenye H2. Ukikataa kutoka, msiupige wala kuuvuta kwa nguvu: meno yamebanana tu. Rudisheni gari nyuma mita chache kwa usukani ulionyooka, nao utaachia.