Mgeni wa Kahuzi-Biega na Ndege Asiyeonyeshwa

Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya wanyama huku Kivu mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaachia jina lake viumbe kadhaa wa milima yetu, wakiwemo wawili hawa. Mmoja anajulikana dunia nzima: gorila wa Grauer, ambaye dume lake hupita kilo 150. Wa pili ni ndege mdogo wa mafunjo, mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye michirizi, asiyeishi popote isipokuwa kwenye vinamasi vya milimani vya mashariki mwa Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Hapendi kuonekana. Hupenya chini kati ya mashina, na anayemtafuta husikia mlio kwanza, akasimama, akangoja, akausikia tena upande mwingine, pengine asione zaidi ya jani linalotikisika. Wote wawili wanaishi katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Lakini kwa zaidi ya miaka 50 mgeni anayepanda kutoka Bukavu hadi Tshivanga ameonyeshwa mmoja tu.

Gorila anastahili sifa zake. Tangu Adrien Deschryver na Batwa waliomwongoza walipowazoesha madume Kasimir na Mushamuka kuona watu, saa moja mbele ya wanyama hao imelisha familia nyingi. Ila furaha yote ikifungwa ndani ya saa hiyo, mgeni anahesabu dakika, anapiga picha, anashuka, na msitu mzima unabaki kuwa njia ya kupita. John Kahekwa, aliyeanza kazi hifadhini mwaka 1983 na kuongoza watalii kwa miaka mingi, aliiona hatari ya kutegemea mnyama mmoja. Maheshe, dume aliyechorwa kwenye noti ya zaire 50,000, aliuawa mwaka 1993. Mwaka mmoja kabla, Kahekwa alikuwa ameanzisha Pole Pole Foundation kwa bahshishi za watalii na fulana alizowauzia. Fundisho lake halijabadilika: tumbo lenye njaa halisikii, na jirani asiyefaidika na hifadhi hawezi kuombwa ailinde. Ukilifuata fundisho hilo hadi mwisho, linakufikisha kinamasini, kwa sababu kila kitu kipya cha kufurahia kinahitaji mtu wa kukionyesha, na mtu huyo hulipwa.

Hilo limekwisha kufanyika jirani. Bigodi, nchini Uganda, wanakijiji wenyewe wameongoza wageni kwenye kinamasi chao tangu miaka ya 1990, na mapato yamesaidia shule ya sekondari. Waliokuja hifadhi jirani ya Kibale kwa ajili ya sokwe hubaki saa kadhaa zaidi kwa ajili ya ndege. Ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, hifadhi ya Nyungwe ina njia ya kushukia kinamasi cha Kamiranzovu. Wapo watakaosema hakuna anayevuka bahari kwa ndege wa matopeni. Wapenzi wa ndege huvuka, tena kwa aina moja tu. Na muhimu zaidi, mwalimu wa Kadutu au mwanafunzi wa Bagira, huko Bukavu, huenda hana fedha za kumwona gorila, lakini anaweza kumudu asubuhi ya kusikiliza. Wengine watahofia nyayo kuharibu viota. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni daraja la mbao, makundi madogo, na kufunga njia wakati wa kutaga. Anayemwangamiza ndege huyu hasa ni jembe na mfereji unaokausha kinamasi.

Pingamizi la vita silipingi. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na mwenye bunduki msituni hasomi kanuni za utalii. Sidai tiketi ziuzwe leo. Nadai mpango uandikwe sasa, kabla desturi ya zamani ya kuonyesha gorila tu haijarudi yenyewe. Na mpango huo hauwezi kuwaruka Batwa waliofukuzwa katika ardhi hii miaka ya 1970, ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, ilithibitisha kwamba haki zao zilivunjwa na serikali. Njia ya kinamasi ikichorwa, nani ataamua inapita wapi? Wataitwa kama wenye ardhi, au kama wabeba mizigo?