Mandhari, Mazingira na Nchi: Istilahi za Mahali katika Michezo ya Safari

1. Utangulizi

Chombo kipya kiingiapo nchini huweza kungoja jina lake bila ya madhara makubwa, kwa kuwa chaonekana na kushikika. Kompyuta ilipofika, watu wengi waliiita kompyuta. Baadaye wataalamu walipendekeza tarakilishi, na wengine ngamizi. Majina mawili ya kwanza yangali yanatumika, na la tatu halikushika sana. Lakini katika muda wote huo kazi iliendelea. Dhana ni jambo jingine. Dhana isiyokuwa na jina haionekani, na ikipewa jina la dhana nyingine, zote mbili huharibika.

Makala haya yanakusudia kuchunguza dhana moja ya aina hiyo. Ipo michezo ya video ambayo mchezaji huwa msafiri katika mahali pa kubuniwa: huvuka mito, huingia mapangoni, hukutana na viumbe vya ajabu na kutafuta kitu kilichofichwa. Hapa tutaiita michezo ya safari. Swali letu ni hili: mahali hapo msafiri anapopita paitweje kwa Kiswahili?

2. Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda msomaji akaona kuwa mchezo ni mchezo tu, na kwamba Baraza la lugha lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Twamwomba atazame ua moja dogo la milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Wajerumani katika Tanga, alipeleka mbegu zake kwa babake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilieleza ua hilo na kuliita Saintpaulia. Leo linapandwa vyunguni madirishani katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 2015 wataalamu waliliondoa katika jenasi hiyo na kulitia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua na wapenzi wake wangali wakitumia jina lile la kwanza. Jina la kwanza likishaota mizizi haling'oki kwa urahisi.

Ndivyo itakavyokuwa kwa michezo hii. Vijana wetu wanaicheza, na wapo wanaojifunza kuitunga. Tusipowapa maneno mapema, mtoto wa Muheza atauona msitu wa kubuni kwa maneno ya kigeni, kisha atautazama na msitu wa kwao kwa maneno hayo hayo.

3. Neno "mandhari" na upungufu wake

Wahakiki wa fasihi wamezoea kutumia neno mandhari kwa maana ya mahali na wakati wa kisa. Kwa hiyo wafasiri wengi hulikimbilia neno hilo. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kutazama, ambao pia umetupa maneno nadhari na nadharia. Mandhari, basi, ni kile kinachoonekana na jicho: mlima, bonde, anga la jioni.

Upungufu wa neno hili unadhihirika tukirudi kwenye chanzo cha michezo yenyewe. Kati ya miaka 1975 na 1976 Mmarekani William Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuchunguza mapango, alitunga mchezo ulioitwa Adventure. Mwaka 1977 Don Woods aliuongezea mambo mengi, nao ukaenea. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma sentensi chache juu ya mahali alipo, akaandika amri fupi ya kwenda kaskazini au kuokota taa, akasoma tena. Hapakuwa na cha kutazama ila maandishi, na hata hivyo mahali palikuwapo. Palikuwa na njia, vizuizi, giza na hatari ya kupotea. Ikiwa mahali paweza kuwapo pasipo mandhari, basi mandhari si jina la mahali.

Upungufu wa pili ni wa matumizi. Tuchukue amri hii: "Badilisha mandhari." Mchezaji mmoja ataelewa kuwa anaruhusiwa kupunguza ukungu ili aone vizuri. Mwingine ataelewa kuwa anaondoka mahali alipo na kwenda kwingine. Istilahi inayomfikisha mtu asikokusudia haijatimiza kazi yake.

4. Neno "mazingira"

Wengine wamependekeza mazingira. Neno hili latokana na kuzingira, yaani kuzunguka pande zote, na kwa hiyo lina nguvu ambayo mandhari halina. Mazingira humgusa mtu hata akifumba macho: baridi, mvua, njaa, wanyama wakali. Katika michezo ya safari tunalihitaji sana, kwa sababu hali za mahali humsaidia au humzuia msafiri. Lakini mazingira hayana mipaka wala watawala, hayana sheria wala historia. Mazingira ni hali za mahali; mahali penyewe bado pataka jina.

5. Neno "nchi"

Twapendekeza neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani, nalo ni nchi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alipotunga Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, hakubuni mandhari, alibuni nchi. Kusadikika ipo angani, lakini ina mfalme, mawaziri, baraza na sheria. Wajumbe wake sita wanapelekwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anavuka mpaka, anaona mambo mageni, anarudi na habari za manufaa, na malipo yake ni kifungo. Mtungaji wa michezo atatambua mara moja kuwa huo ni mpango kamili wa safari, na kwamba ulikuwapo kwa Kiswahili zaidi ya miaka 20 kabla ya Crowther.

Hata masimulizi ya wenyeji wa Usambara yanatufundisha hivyo. Katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili, Mbegha mwindaji anafukuzwa kwao Ngulu, anazunguka porini, kisha anapanda milimani, anawagawia watu nyama, anaua simba na kupewa utawala. Kwa Washambaa nchi ya milimani, Shambaai, ni ya migomba na mvua. Nyika iliyo chini ni ya hatari na njaa. Anayepanda kutoka nyika hajabadili mandhari tu. Ameingia chini ya kanuni nyingine za maisha.

Yawezekana kupinga kwamba siku hizi nchi maana yake ni dola. Hoja hiyo ina haki yake, lakini twasema "nchi kavu", na ngano zetu zimejaa "nchi za mbali" ambazo si dola. Tukisema nchi ya mchezo, shaka huondoka. Neno ulimwengu, ambalo baadhi ya watu hulipendelea, lifaa zaidi kuhifadhiwa kwa jumla ya nchi zote za mchezo mmoja.

6. Kuzipima istilahi kwa mfano wa Amani

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa. Tuseme mtungaji ataka nchi ya mchezo wake ichimbuke katika Amani. Mahali hapo pako Usambara Mashariki, katika Wilaya ya Muheza. Bonde la Lwengera lapatenga na Usambara Magharibi, yaliko Lushoto na Vugha. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda bustani ya miti iliyoletwa kutoka mabara mengi. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia.

Mandhari yake ni ukungu unaopanda kutoka upande wa bahari, miti mirefu, na nyumba kuukuu za taasisi. Mazingira yake ni mvua nyingi, utelezi, na giza la mchana chini ya majani. Vituo vyake ni Sigi, palipokuwa na stesheni ya reli enzi za Wajerumani, kisha bustani, kisha vilele. Wakazi wake hawahitaji kubuniwa sana: yuko mbega mweupe kwa mweusi juu mitini, na yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu, aliyepewa jina la kitaalamu kutokana na Derema, mahali palipo jirani na Amani. Mtu aliyeketi Ulaya angemsoma kinyonga huyo katika mchezo angedhani ni njozi ya mtungaji.

Hapa yahitajika istilahi moja zaidi. Pango la mchezo wa Crowther lilitokana na pango la kweli alilolichunguza mwenyewe huko Kentucky, na mwaka 2007 mtafiti Dennis Jerz alichapisha ulinganisho wa programu ya awali na pango hilo. Mahali pa kweli napo pataka jina, lisije likachanganywa na nchi ya mchezo. Twapaita chimbuko. Mtungaji ana ruhusa ya kuweka joka katika nchi ya mchezo. Katika chimbuko hana.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Mchezo wa safari: mchezo wa video ambao mchezaji husafiri mahali pa kubuniwa ili kutimiza jambo.
Nchi ya mchezo: mahali pote pa safari, pamoja na mipaka, kanuni, wakazi na historia yake.
Ulimwengu wa mchezo: jumla ya nchi zote za mchezo mmoja.
Mandhari: yale yanayoonekana na mchezaji katika nchi ya mchezo.
Mazingira: hali za nchi ya mchezo zinazomsaidia au kumzuia msafiri.
Kituo: mahali pamoja ambapo msafiri hufika na kutakiwa atende jambo.
Mpaka: pale ambapo kanuni za nchi moja hukoma na za nyingine huanza.
Chimbuko: mahali pa kweli ambapo nchi ya mchezo imetolewa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mandhari ni ya macho, mazingira ni ya mwili, na nchi huvikusanya vyote viwili pamoja na sheria na kumbukumbu. Hakuna hata neno moja kati ya haya lililotubidi kuliazima upya. Yote yalikuwamo katika lugha, yakingoja kupangiwa kazi. Wasomaji, hasa walimu na watungaji wa michezo wenyewe, wanaombwa wayajaribu katika kazi zao na kuleta maoni yao. Aliye na neno lililo bora kuliko nchi ya mchezo na alilete sasa, kabla jina jingine halijaota mizizi.