Daftari la shangazi na mstari wa Malkia Gicanda

Sisi tuliozaliwa ukimbizini tulirudi na vyombo vichache na simulizi nyingi. Shangazi yangu alirudi pia na daftari la kaunta, ambamo huko Tanzania alikuwa akiandika jina la kila jamaa aliyebaki nyumbani. Katikati ya majina hayo yupo mtu asiye wa ukoo wetu: "Mke wa Rudahigwa. Yupo Butare." Mstari unaishia hapo.

Nilitaka kuukamilisha. Ugumu niliuona mapema, maana kwetu Rwanda mke kwa desturi habebi jina la mumewe wala mtoto hapewi la baba. Kila mtu ana lake. Ukilipoteza jina la mwanamke, umempoteza mwenyewe. Tena Rosalie Gicanda hakujaliwa mtoto wa kumwandika.

Vitabu vya historia vinamtaja kupitia mume. Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alimwoa mwaka 1942, akabatizwa 1943, akafariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Ufalme ukafutwa 1961. Wazazi wetu walivuka mipaka, yeye hakuvuka. Alihamia Butare, ambayo leo ni Huye, akaishi kimya na mama yake mzazi.

Nilichokisoma kirefu zaidi juu yake ni hukumu ya mahakama ya Arusha. Tarehe 20 Aprili 1994 wanajeshi walifika nyumbani kwake, wakamchukua pamoja na wanawake wengine, wakawaua. Kapteni Ildephonse Nizeyimana, aliyekamatwa Kampala mwaka 2009, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012. Rufaa ya 2014 ikakipunguza kuwa miaka 35. Iliniuma kuona siku moja ya kifo imeandikwa kuliko miaka yote ya uhai wake.

Jumapili moja tulipanda basi Nyabugogo, mimi na shangazi, hadi Nyanza. Njia nzima alilalamikia nauli. Kule Mwima, Gicanda amezikwa karibu na mumewe. Shangazi alisimama kitambo, akaniomba kalamu, akafuta mstari wa zamani na kuandika: "Rosalie Gicanda. Yupo Mwima."

Kisha akafunua ukurasa unaofuata. Una majina manane ya watu wetu, na yote bado yanasema "yupo Butare".