Njia tambarare kando ya mto: mwendo mwepesi, faida kubwa

Bustani ya miti ya Arboretum jijini Nairobi ilianza mwaka 1907, wakoloni walipotenga eneo la kujaribia miti ya kigeni ili wajue ipi ingestawi nchini. Leo ina takriban hekta 30 na zaidi ya aina 350 za miti, kwenye eneo la makazi kati ya Kileleshwa na Ikulu. Njia zake kuu zimesakafiwa na mto Kirichwa Kubwa hupita ukingoni. Wapenda mazoezi makali huidharau: anayetaka jasho, husema, apande vilima vya Ngong. Lakini mwenye presha, mwenye kisukari au mzee aliyechoka magoti hakuna pahali bora pa kumwanzishia kuliko njia ya namna hii.

Ni kweli kwamba ardhi yenye mashimo na mizizi huutumikisha mwili zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mwaka 2013 matokeo ya watu waliotembea juu ya sakafu iliyopishana kimo kwa sentimita 2.5 tu, na nishati waliyotumia ilipanda kwa asilimia 28 hivi. Nyingi ya nguvu hizo za ziada hutokana na nyonga na magoti kufanya kazi zaidi. Kijana ataifurahia kazi hiyo, ila mzee akiteleza na kuvunjika nyonga huenda asitembee tena kama zamani.

Pia kuna suala la macho. Penye mawe na mizizi, macho hushuka yenyewe kutafuta mahali pa kukanyaga, hatua mbili hivi mbele ya mguu. Njia ikiwa sawa, yanainuka. Mtu anaona kima wakirukaruka matawini, anaona mwanga ukichujwa na majani, na akili iliyokuwa imebanwa na kazi inalegea. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford, Marekani, walilinganisha watu 38 waliotembea dakika 90, wengine penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita penye miti walipunguza tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya kuhusu nafsi zao, na sehemu ya mbele ya ubongo inayohusiana na huzuni ilitulia. Wale wa barabarani hawakubadilika. Watu 38 ni wachache, lakini kundi lililotembea bila nafuu hiyo linaonyesha kwamba mahali mtu anapotembea pana uzito wake.

Faida iliyo wazi zaidi ni ya sukari. Kwa kawaida glukosi huingia kwenye misuli ikisaidiwa na insulini, na mwenye kisukari cha aina ya pili mwili wake hauitikii insulini ipasavyo. Misuli inayofanya kazi ina njia nyingine: kila inapojikaza, huifungulia sukari milango yake yenyewe bila kungoja insulini. Ndiyo maana wakati wa kutembea ni muhimu kama urefu wa safari. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kilichunguza wagonjwa 41 na kutoa matokeo mwaka 2016. Walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu, sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo mmoja wakati wowote wa siku. Baada ya chakula cha jioni, tofauti ilifika asilimia 22. Mlo wenye wanga mwingi kama ugali au wali ndio hasa wa kufuatiwa na matembezi.

Magoti nayo hupona hofu. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya kiungo, nayo huyapata vizuri inapobanwa na kuachiliwa, jambo linalotokea kila hatua. Kukaa tu kwa kuogopa maumivu huidhoofisha misuli inayolishikilia goti.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kipimo cha wastani hakihitaji saa ya kielektroniki: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini ushindwe kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo.

Mto wenyewe unasikitisha. Sauti ya maji yaendayo hufunika kiasi cha kelele za magari, na vivuli vya ukingoni hupoza hewa, lakini mito ya Nairobi hubeba majitaka. Watoto wasiyachezee maji hayo. Jiji linaloruhusu majitaka kuingia mtoni linawanyang'anya wakazi wake sehemu ya tiba wasiyolipia. Kima nao wasilishwe, kwa sababu aliyezoea kupewa hupora, na anaweza kuuma.

Mwenye kisukari akague nyayo zake kabla na baada ya kutembea, kwani mguu uliokufa ganzi haumwambii kuwa kiatu kimemchubua. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu mfukoni. Na yeyote anayebanwa kifua au kuishiwa pumzi ghafla asimame hapo hapo na atafute msaada wa daktari mara moja.