Kabla ya Kumwita Fundi: Vifaa Visivyo na Waya na Uhariri wa Matini za Kiswahili



Siku tatu kabla ya kukabidhi tasnifu, mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa mwisho aliingia idarani akiwa na kompyuta kifuani na machozi machoni. Vitufe vya kompyuta yake vilikuwa vimeanza kufa, akanunua kibodi isiyo na waya. Alipoiunganisha na kuandika neno "mwalimu", kiwambo kilimwonyesha ",zqli,u". Akaandika "Kiswahili", akapata "Kiszqhili". Fundi wa mtaani alitazama mara moja, akatamka kwamba ni virusi, na kwamba dawa ni moja tu: kufuta kila kitu na kuanza upya. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kurasa themanini za tasnifu, na nakala nyingine hapakuwa nayo.

Mwenzetu mmoja hapa idarani alitazama pembe ya chini ya kiwambo, upande wa kulia. Pameandikwa FRA. Akabonyeza vitufe viwili, pakawa ENG. "Mwalimu" akarudi kuwa mwalimu. Hapakuwa na virusi, wala kibodi haikuwa na kasoro.

Tangu siku hiyo tumekubaliana hapa idarani kwamba kifaa kikigoma, kabla ya kumwita fundi na kabla ya kutoa pesa mfukoni, tujiulize maswali matatu kwa utaratibu: je, kuna umeme? Je, mawimbi yanafika? Je, kompyuta na kibodi vinazungumza lugha moja? Tunawaletea maswali hayo hapa chini, pamoja na mbinu chache za kuhariri matini ya Kiswahili, kwani matatizo mengine hayamo katika kifaa bali katika programu ya kuandikia.

1. Je, kuna umeme?

Kipanya au kibodi isiyo na waya haipati umeme kutoka kwenye kompyuta. Inategemea betri yake. Kwa hiyo anzeni hapo, hata kama mnaona ni jambo la kitoto. Kigeuzeni kipanya chali: vingi vina swichi ndogo tumboni, nayo huzimika kipanya kinapotupwa mkobani. Kama kifaa ni kipya, angalieni kama kuna kijikaratasi cha plastiki kilichobaki kati ya betri na chuma chake. Vipanya vingi hutumia betri ile ile ndogo ya saa ya ukutani, basi njia rahisi ya kupima ni kuazima ya saa kwa dakika moja. Msichanganye betri mpya na iliyochoka.

Dalili ya betri inayokata roho ni kwamba kifaa hakifi ghafla. Kishale huanza kurukaruka, herufi huchelewa au hudondoka, kisha baadaye kimya.

Kama kishale kinarukaruka ilhali betri ni nzima, tazameni meza. Kipanya huona kwa mwanga, na juu ya kioo au meza inayong'aa sana mwanga huo hupotea. Wekeni karatasi nyeupe chini yake. Pia pangusieni kitambaa kikavu kile kitundu cha chini, kwani unywele mmoja tu unatosha kukipofusha.

2. Je, mawimbi yanafika?

Vifaa hivi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza huja na kipokezi kidogo kama ukucha, ambacho huchomekwa katika tundu la USB. Aina ya pili hutumia Bluetooth, nayo haina kipokezi cha kuchomeka. Huoanishwa na kompyuta kupitia mipangilio yake.

Kwa aina ya kwanza, jueni kwamba kila kipanya kimezoeana na kipokezi chake. Kipokezi cha jirani hakitakisikia, hata kama vipanya vyenyewe ni mapacha wa rangi na umbo. Hapa idarani wenzetu wawili walinunua vipanya vya aina moja duka moja. Asubuhi moja kishale cha mmoja kikaanza kutembea peke yake, na cha mwingine vilevile. Palisemwa mengi, hata ya majini! Kumbe jioni iliyotangulia vipokezi vilikuwa vimebadilishana kompyuta, na kila mmoja alikuwa akiendesha kishale cha mwenzake. Dawa yake ni kipande cha plasta na herufi moja ya jina juu ya kipanya na juu ya kipokezi. Kipokezi kikipotea, kwa kawaida kipanya nacho kimekwisha kazi, isipokuwa vya aina chache vinavyoweza kuzoeshwa kipokezi kingine kwa programu ya mtengenezaji. Kwa hiyo mnaposafiri kirudisheni katika kijumba chake ndani ya kipanya, kama kinacho.

Vifaa vingi vya namna hii hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Kuna adui mwingine wasiyemdhania watu wengi. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwamba matundu na nyaya za USB 3, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa kelele katika mawimbi hayo hayo. Hivyo, mkichomeka kipokezi cha kipanya ubavuni mwa diski ya nje inayofanya kazi ya kunakili, kipanya kinaweza kuanza kukwamakwama. Hamisheni kipokezi upande wa pili wa kompyuta, au kisogezeni mbali kwa waya mfupi wa kurefushia. Kompyuta ya mezani iliyo chini ya dawati la chuma, kipokezi kikiwa nyuma yake, nayo huleta shida; kihamishieni mbele.

Kwa aina ya Bluetooth, kosa la kawaida ni kwamba kifaa bado "kimeolewa" kwingine. Kibodi iliyooanishwa jana na simu ya mwanafunzi itaikimbilia simu hiyo leo, ikiwa simu iko karibu. Zimeni Bluetooth ya simu kwanza, kisha jaribuni tena.

Hatua ya mwisho kabla ya kukata tamaa: kijaribuni kifaa kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, msinunue kingine. Shida iko katika kompyuta.

3. Je, vinazungumza lugha moja?

Swali hili linatuhusu zaidi sisi wa Burundi, pamoja na ndugu zetu wa Kongo na Rwanda. Kompyuta nyingi tulizozizoea zimepangwa Kifaransa, ambapo safu ya juu ya herufi huanza na A-Z-E-R-T-Y. Kibodi nyingi zinazouzwa katika nchi jirani zimepangwa Kiingereza, na safu hiyo huanza na Q-W-E-R-T-Y. Kibodi haiipelekei kompyuta herufi. Huipelekea mahali pa kitufe tu. Ni kompyuta inayoamua mahali pale ni herufi gani. Kwa hiyo mkichomeka kibodi ya Kiingereza katika kompyuta iliyopangwa Kifaransa, mtaona haya: a inakuwa q, w inakuwa z, m inakuwa mkato, na tarakimu 1 inatoa alama ya &. Hata "ng'ombe" anageuka kuwa "ngùombe", kwa sababu mahali pa kibainishi kwenye kibodi ya Kiingereza ndipo penye ù kwenye ile ya Kifaransa.

Mkiona dalili hizo, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Katika kompyuta za zamani, bonyezeni Alt ya kushoto pamoja na Shift. Kama lugha ni moja tu, ongezeni nyingine katika mipangilio ya lugha. Mjue pia kwamba vitufe hivyo viwili hubonyezwa kwa bahati mbaya mara nyingi, hasa na mtu anayeandika haraka. Ndiyo maana shida hii inaweza kuzuka katikati ya sentensi.

Dalili nyingine inayofanana na hiyo ni tarakimu kuchipuka ndani ya maneno. Katika baadhi ya kompyuta ndogo za mkononi, ukiandika "kijiko" unapata "251526". Hapo kitufe cha Num Lock kimewashwa. Kibonyezeni mara moja. Na kama kila herufi mnayoandika inaila ile iliyo mbele yake, katika baadhi ya programu hiyo ni kazi ya kitufe cha Insert. Nacho kibonyezeni mara moja tu.

Kibodi imepona, sasa matini

Mwanafunzi wetu aliporudi na kurasa zake themanini, tuligundua kwamba kompyuta ilikuwa imefanya kazi nyingine kimyakimya. Programu ya Word ilikuwa ikidhani kwamba anaandika Kifaransa. Ikaweka nafasi kabla ya kila alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta mbili na nukta mkato, kama Kifaransa kinavyotaka. Kiswahili hakina desturi hiyo.

Kinga ni kuiambia programu lugha mnayoandika. Chagueni matini yote kwa Ctrl na A, nendeni kwenye mipangilio ya lugha ya uhakiki, chagueni Kiswahili, kisha ondoeni alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu programu kukisia lugha yenyewe. Word inacho Kiswahili katika orodha yake. LibreOffice nayo ina kamusi ya kuhakiki tahajia ya Kiswahili. Wakongwe watakumbuka kwamba mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilikwisha kutuonyesha programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili.

Kwa makosa yaliyokwisha kuingia, tumieni Ctrl na H. Katika Word, alama ya ^s humaanisha ile nafasi isiyokatika inayowekwa na Kifaransa. Tafuteni ^s? mbadilishe kwa ? peke yake, kisha fanyeni vivyo hivyo kwa alama nyingine.

Jambo jingine ni herufi kubwa zinazojiweka. Baada ya "n.k." au "taz.", programu hudhani sentensi imekwisha na kukuza herufi inayofuata. Katika mipangilio ya masahihisho ya kujiendesha kuna orodha ya vighairi. Ongezeni humo vifupisho vyenu vya Kiswahili mara moja, na hamtasumbuka tena. Na lugha ikiwa Kiingereza, herufi i ikisimama peke yake hugeuzwa I, jambo linalowaudhi sana walimu wanaoandaa jedwali la ngeli.

Hatari ya "badilisha zote"

Hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini, kwani kosa hili tumelikuta katika tasnifu zaidi ya moja. Msimamizi anamwambia mwanafunzi atumie "silabasi" badala ya "mtaala". Mwanafunzi anabonyeza kitufe cha kubadilisha zote, anafunga faili, analala usingizi mnono. Matokeo yake: "silabasi uliobadilishwa", "silabasi huu". Programu imebadilisha nomino, lakini upatanisho wa kisarufi umebaki wa ngeli ya zamani! Kwa Kiingereza njia hiyo inaweza kupita salama mara nyingi. Kwa Kiswahili, nomino ikihama ngeli, sentensi nzima inahama nayo. Badilisheni moja moja, mkisoma sentensi kila mara.

Maneno mafupi ni hatari zaidi. Mkibadilisha "kata" kuwa "wilaya" bila tahadhari, "mkataba" utakuwa "mwilayaba" na "kukataa" kutakuwa "kuwilayaa". Wekeni alama kwenye kisanduku cha kutafuta neno zima. Lakini kumbukeni kwamba kisanduku hicho kikiwashwa, mkitafuta "darasa" hamtapata "darasani" wala "madarasa". Lugha yetu hubeba viambishi mbele na nyuma. Utafutaji wenu nao uvizingatie. Katika Word, mkiwasha alama wakilishi na kutafuta ?itabu, mtapata "kitabu" na "vitabu" kwa pamoja.

Vitufe vya kuokoa muda

Ctrl na Z hutendua kosa la mwisho, nayo ndiyo huruma kubwa kuliko zote katika kompyuta. Ctrl na mshale wa pembeni huruka neno zima. Mkiongeza Shift, neno hilo huchaguliwa. Katika Word, Shift na F3 hubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo na kinyume chake, na Shift na F5 huwarudisha mahali mlipohariri mara ya mwisho. Wenye Word ya Kifaransa wajue kwamba herufi nzito huwekwa kwa Ctrl na G, si Ctrl na B kama vitabu vya Kiingereza vinavyofundisha.

Na Ctrl na S, ndugu zetu, iwe kama kupumua. Kwa kawaida Word hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Umeme ukikatika dakika ya tisa, aya mbili zimekwenda. Kila jioni hifadhini faili kwa jina lenye tarehe, na nakala moja iwe nje ya kompyuta hiyo: kwenye flashi, au katika barua pepe mnayojitumia wenyewe.

Mwanafunzi wetu alikabidhi tasnifu yake siku iliyopangwa, na aliitetea vizuri. Laiti angefuata ushauri wa kufuta kila kitu, angeanza ukurasa wa kwanza akiwa na siku tatu mkononi. Kilichomwokoa si utaalamu mkubwa, bali ni mtu aliyetazama pembe ya kiwambo kabla ya kuamua. Basi nasi tutazame kwanza. Fundi tutamwita baadaye, akihitajika.