Usahaulifu wa Wazee Wetu: Si Uchawi, Wala Si Umri Peke Yake

Katika nyumba nyingi za Magomeni, hapa Kilosa, yupo mzee anayeuliza jambo moja mara tano kabla ya adhuhuri. Mara analalamika kuwa amenyimwa chakula, ilhali sahani yake imeondolewa punde tu. Mara anaamka usiku wa manane kwenda kazini katika shamba la mkonge aliloliacha miaka arobaini iliyopita. Familia husema, "ni uzee tu." Hali ikizidi, watu huanza kunong'ona kuwa bibi amechezewa, au, lililo ovu zaidi, kuwa bibi mwenyewe ndiye mchawi.

Kurani haikunyamaza juu ya hali hii. Sura An-Nahl, aya ya 70, imegusia mja anayefikishwa umri dhaifu hata ujuzi wake ukamtoka, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kukingwa na umri huo. Lakini si kila anayefika uzeeni hupatwa na hayo, na jambo hili limethibitika hapa hapa nchini petu.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, pamoja na wenzao wa Kitanzania walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa kuzingatia umri, asilimia 6.4 walionekana kuwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, ambayo matabibu huyaita demensia. Kiwango hicho hakipishani sana na cha nchi tajiri. Basi zaidi ya wazee tisa katika kila kumi hawakuwa na maradhi hayo. Lau ungekuwa uzee tu, wangeupata wote.

Lililonivutia zaidi katika kazi yao ni namna ya kupima. Vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi na kuchora maumbo kwa kalamu. Mpe kalamu bibi wa Kilosa ambaye hajawahi kuishika, naye atashindwa japo akili yake ni timamu. Kwa hiyo timu ile, ikishirikiana na wenzao wa Nigeria, ilitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee hutajiwa maneno kumi kisha baadaye huombwa ayakumbuke, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, huulizwa daraja ni kitu gani, na hupanga njiti za kiberiti kwa umbo alilooneshwa. Hakuna kusoma wala kuandika.

Wazee wetu wa leo walizaliwa kabla ya elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1977, na wasichana ndio walioachwa nyumbani zaidi. (Wapo waliohitimu chuo cha Kurani na kusoma msahafu hadi leo, nao bado huitwa wasiojua kusoma.) Tume ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia. Miongoni mwake ni elimu ndogo utotoni, shinikizo la damu, kisukari, usikivu kupotea, uoni hafifu usiotibiwa na upweke. Tume hiyo ilikadiria kuwa takriban asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa maradhi haya kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Ukiyatazama vizuri, mengi kati yake ni mzigo wa maskini. Katika Hai hiyo hiyo, wazee wapatao saba kati ya kumi walikutwa na shinikizo la damu, na wengi wao walikuwa hawana habari.

Mtafiti Declare Mushi na wenzake waliwahoji wagonjwa na walezi wao. Walisikia yale yale tunayoyasikia hapa: kuwa ni kawaida ya uzee, au ni laana, au ni uchawi. Asemaye hivyo hampeleki mama yake zahanati. Na ajuza anayeitwa mchawi katika nchi hii anaweza kuuawa. Mwenye kueneza uvumi huo, hata awe mswalihina kiasi gani, amejitwika dhambi nzito.

Kwa upande wa sheria ya dini, aliyeondokewa na akili haandikiwi dhambi kwa swala aliyoisahau, basi asikemewe mbele ya wajukuu kwa kuzidisha rakaa. Lakini mali yake ni yake. Ofisi ya msikiti huletewa karatasi za viwanja zenye dole gumba la mzee asiyemtambua hata mwanawe. Karatasi ya namna hiyo hatuitii saini, na tunawaomba wajumbe wa mitaa nao wasiitie.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya kabisa haijapatikana, lakini nafuu ipo. Huko Hai, wazee 34 waliokuwa nayo walikusanywa katika vikundi vya mazungumzo na mazoezi ya akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kumbukumbu zao zimeimarika na wasiwasi umepungua. Na mzee aliyevurugika akili ghafla, ndani ya siku mbili tatu, apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda ni maambukizi yanayotibika.

Kazi hii ya ulezi kwa kawaida huangukia binti mmoja, ambaye huacha biashara yake sokoni, huku kaka zake wakituma salamu kutoka Dar es Salaam. Kamati yetu imeazimia kumwomba muuguzi awapime wazee shinikizo la damu baada ya swala ya Ijumaa, mara moja kila mwezi, kina mama wakitengewa upande wao. Mwenye mzee asiyeweza kutembea atuletee jina lake, nasi tutatafuta bajaji.